Mapacha wangu wanabishana: Ganimedi ni kubwa kuliko Utaridi, mbona haiitwi sayari? Na Jua nilitengeneze vipi?

MamaPacha

Habari zenu nyote. Nina mapacha wa miaka 10, na kwa wiki mbili sasa nyumbani hakuna habari nyingine ila sayari. Ilianza na video moja ya mipira iliyopangwa mstari mmoja. Unaoneshwa Mwezi, kisha Utaridi, Mirihi, Dunia, unasogea hadi Jua, halafu zinakuja nyota zinazolifanya Jua lionekane kama nukta. Dakika tatu tu. Ilipokwisha, mmoja aliruka kwa furaha, mwingine akanyamaza. Usiku yule aliyenyamaza akaja chumbani kwangu akaniuliza, "Mama, kama sisi ni wadogo hivyo, nani anatuona?" Nilimkumbatia, ila jibu sikuwa nalo. Nikaona afadhali nijifunze jambo hili vizuri kuliko kumwacha na ile video peke yake.

Basi Jumamosi tulichukua udongo wa kufinyangia na rula. Nikaanza na Dunia, nikaifanya iwe na kipenyo cha sentimita 5 ili waweze kuchora mabara juu yake. Kwa hesabu hiyo Mwezi ukatoka sentimita 1.4, Mirihi 2.7, Zuhura ikakaribia kulingana na Dunia. Mpaka hapo tulikuwa na raha. Tulipofika Mshtarii hesabu ikanipa sentimita 55, udongo wote tulionao usingetosha hata robo yake. Jua likatoka mita 5 na nusu, na dari yangu haifiki hata mita 3. Tukaishia hapo, na mpaka leo kuna mipira minne imekauka juu ya kabati.

Sasa wanabishana. Mmoja amesoma kwamba Ganimedi, mwezi wa Mshtarii, ni mkubwa kuliko sayari ya Utaridi, na anasema ni dhuluma kuuita mwezi. Mwenzake anasema mwezi ni mwezi. Mimi pia nina langu: video ilisema Dunia 1,300 zinaingia ndani ya Mshtarii, lakini rula yangu inanipa 11 tu. Nani amekosea? Na nyota kubwa kuliko zote ni ipi hasa? Kila ninapotazama nakuta jina jingine. Naombeni mnisaidie, tena kwa namna ambayo mtoto anaweza kuishika mkononi.

Zumaridi

Mama, kwa Ganimedi wote wawili wana haki. Ni kubwa kweli: kipenyo chake ni kilomita 5,268, Utaridi ni 4,879. Hata Titani, mwezi wa Zohali, una 5,150. Lakini jina "mwezi" halitolewi kwa ukubwa, linatolewa kwa kutazama gimba linazunguka nini. Utaridi inalizunguka Jua, Ganimedi inaizunguka Mshtarii. Lile azimio la wanajimu la mwaka 2006, lililoiondoa Pluto kwenye orodha, linadai kwanza sayari iwe inalizunguka Jua lenyewe. Ganimedi ingekuwa peke yake kwenye njia yake kulizunguka Jua, hakuna ambaye angeinyima jina.

Nikupe na kingine cha kuwafurahisha: sayari nyingine zote 7 ukizipanga mstari zinaenea katikati ya Dunia na Mwezi.

MpimaMstaafu

Mwanangu MamaPacha, nimepima ardhi miaka 31 kabla ya kustaafu, na swali lako limenifanya nitoe daftari. Wajukuu zangu wamepitia njia hiyohiyo ya udongo. Ngoja nikueleze nilivyowafundisha, nikianza na rula yako.

Mtu akiniambia kitu fulani ni kikubwa kuliko kingine, huwa namuuliza: kikubwa kwa kamba, kwa ndoo, au kwa mizani? Ni maswali matatu tofauti, na ile video imeyachanganya. Kwa kamba, yaani ukinyoosha kutoka ukingo hadi ukingo, Mshtarii ni mara 11 ya Dunia. Rula yako haikukosea. Kwa ndoo, yaani ukiuliza ujazo, unazidisha 11 kwa 11 kwa 11 tena, unafika zaidi ya 1,300. Video nayo haikukosea. Lakini kwa mizani, Mshtarii ni Dunia 318 tu. Kiasi kikubwa cha sayari ile ni hidrojeni na heli, Dunia ni mwamba na chuma.

Na hiyo 1,300 nayo ina sharti. Ni mpaka uziyeyushe zile Dunia uzimimine kama maji. Ukizijaza nzima nzima kama goroli ndani ya mtungi, zinabaki nafasi katikati, na zitaingia pungufu sana. Video nyingi huonyesha goroli zikimiminika, chini wakaandika namba ya maji. Jambo hilo huniudhi, maana mtoto mwenye akili ataanza kuhesabu.

Fanya hivi na wanao. Finyanga Dunia nyingine ya sentimita 5. Ikate kwa uzi katika vipande 49 vilivyo sawa kadiri mtakavyoweza, kisha chukua kimoja ukiviringe. Huo ndio Mwezi wako. Pima kwa rula, utakuta sentimita 1.4 ileile uliyoipata kwa hesabu. Kwa kamba Mwezi ni zaidi kidogo ya robo ya Dunia, kwa ndoo ni sehemu 1 ya 49. Wajukuu zangu waliamini ndoo siku hiyo walipovihesabu vipande kwa vidole vyao. Kwa mizani Mwezi halisi ni mwepesi zaidi ya hapo, sehemu 1 ya 81, kwa sababu kiini chake cha chuma ni kidogo sana.

Sasa Ganimedi. Kwa kamba inaishinda Utaridi, Zumaridi kasema kweli. Iweke kwenye mizani: haifiki hata nusu ya Utaridi. Utaridi kwa mizani sehemu kubwa ni chuma, kiini chake kinachukua sehemu kubwa ya umbo lote, wakati Ganimedi kama nusu yake ni barafu. Mwambie yule anayedai dhuluma kwamba Utaridi ni kama jiwe la kusagia, Ganimedi ni kama jiwe lililofungwa ndani ya bonge la barafu. Uranusi na Neptuni wana kesi ya namna hiyo pia: Uranusi ni pana zaidi kidogo, Neptuni ni nzito zaidi.

Zumaridi, ndugu yangu, hilo la sayari 7 nililipigia hesabu. Vipenyo vya wastani vya Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranusi na Neptuni vinafanya jumla ya kilomita 380,000. Mwezi uko wastani wa kilomita 384,400, kwa hiyo watu wanaona zinaenea. Lakini umbali huo hupimwa kutoka kitovu cha Dunia hadi kitovu cha Mwezi. Ukitoa nusu ya Dunia na nusu ya Mwezi, nafasi iliyobaki ni kama kilomita 376,000. Hazienei. Mwezi ukiwa mbali kabisa, kwenye kilomita 405,000 hivi, ndipo zinapoenea. Katika kazi yangu watu waligombana kwa miaka kwa sababu mmoja alipima kutoka katikati ya mti na mwingine kutoka kwenye gome.

Kuhusu kipimo: Dunia ya sentimita 5 ni kubwa mno. Chukua kipimo cha kilomita milioni 1 kuwa mita 1. Hesabu zote zinakuwa nyepesi, unasogeza nukta tu.

Jua linakuwa mita 1.39. Usilifinyange. Gundisha karatasi, kata duara, paka rangi ya njano, bandika ukutani. Dunia inakuwa milimita 12.7, goroli ndogo. Mwezi ni milimita 3.5, ushanga, nao unakaa sentimita 38 kutoka kwenye goroli. Mshtarii ni mpira wa sentimita 14, Zohali 12, Uranusi na Neptuni kama sentimita 5 kila mmoja. Utaridi milimita 4.9, Ganimedi 5.3. Ziweke hizo mbili juu ya kiganja, uone ugomvi wote wa nyumba yako ulivyo mdogo. Pluto ni milimita 2.4.

Pete za Zohali msijaribu kwa karatasi mkidhani mmepatia unene. Karatasi ya kawaida ina unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita, na kwa kipimo chetu hiyo ni kilomita 100. Pete halisi zimetanda kwa upana unaopita kilomita 270,000, lakini sehemu kubwa unene wake ni makumi ya mita tu. Sijawahi kuona kitu chembamba namna hiyo katika maisha yangu ya kupima.

Kisha tembeeni. Dunia ikae mita 150 kutoka kwenye Jua, Mirihi mita 228, Mshtarii mita 778, Neptuni kilomita 4.5. Ile video haioneshi hata hatua moja ya umbali huu. Inazipanga zikigusana bega kwa bega, na nadhani hicho ndicho kilichomtisha mwanao. Anadhani tumesimama chini ya majitu.

Na kuhusu swali lake la usiku, mwambie kuna chombo kilichowahi kugeuka kututazama. Tarehe 14 Februari 1990 chombo cha Voyager 1, kikiwa umbali wa kama kilomita bilioni 6, kiligeuza kamera kikaipiga picha Dunia. Ilionekana kama chembe ndani ya mwale wa mwanga, ndogo kuliko hata kitone kimoja cha picha. Lakini ilionekana. Kwa kipimo chetu ni kama kusimama kilomita 6 na kuitambua goroli.

MamaPacha

Mzee wangu, shikamoo na ahsante sana. Nimesoma jibu lako mara mbili, ya pili nikiwa na mapacha pembeni. Kamba, ndoo na mizani vimeshaingia kwenye lugha ya nyumba, leo asubuhi wamegombania blanketi, mmoja akauliza, "Kubwa kwa kamba au kwa mizani?"

Tumekata vile vipande 49. Mwezi wetu ulitoka sentimita 1.5, nadhani havikuwa sawa sana. Nitafanya na karatasi ya Jua wikiendi hii.

Naomba sasa anayejua nyota anisaidie. Nimekutana na UY Scuti, na Stephenson 2-18, na nyingine, kila moja inaitwa kubwa kuliko zote. Inawezekanaje watu wasijue kitu kikubwa kiasi hicho kina ukubwa gani?

NyotaSaba

Dada MamaPacha, hilo swali la mwisho ndilo ninaloshughulika nalo kila usiku penye mawingu haba. Nina darubini ndogo niliyoiunganisha mwenyewe, na nitakwambia jambo linalowashangaza wote wanaokuja kuchungulia: Mshtarii naiona kama duara, na mikanda yake, na miezi yake minne pembeni, ileile aliyoiona Galileo Galilei Januari 1610. Nyota siioni duara hata moja. Hata iwe kubwa namna gani, kwenye kioo changu ni nukta.

Sababu ni umbali. Gawanya digrii 1 katika sehemu 3,600, kila sehemu tunaiita sekunde ya tao. Jua na Mwezi kila mmoja una upana wa kama sekunde 1,900 angani, ingawa Jua ni pana mara 400 kuliko Mwezi, kwa sababu liko mbali mara 400 pia. Mshtarii kwa kawaida ina kati ya 30 na 50. Ibuti la Jauza, ile nyota nyekundu begani mwa Jabari (kundi la nyota linaloitwa pia Orion), wengi wanaiita Betelgeuse, ni mojawapo ya nyota zenye upana mkubwa kuliko zote angani baada ya Jua. Upana wake ni kama sehemu 5 katika 100 za sekunde moja.

Wa kwanza kuupima walikuwa Albert Michelson na Francis Pease, Desemba 1920, huko Mount Wilson, Marekani. Darubini yao ilikuwa na kioo cha mita 2.5, kubwa kuliko zote duniani wakati huo, na bado haikutosha. Wakafunga juu yake boriti ya chuma ya mita 6 yenye vioo vidogo, wakakusanya mwanga wa nyota kutoka ncha mbili na kuukutanisha. Walipokuwa wakitenganisha vioo, mistari ya mwanga uliokutana ilififia hadi ikapotea, na kutokana na umbali wa vioo wakati inapotea wakapata upana: sekunde 0.047. Kila nikikumbuka kwamba walifanya hivyo kwa boriti na macho yao usiku wa baridi, mwili unanisisimka.

Sasa mzee MpimaMstaafu atanielewa hapa: pembe peke yake si ukubwa. Unahitaji pembe na umbali. Mwezi tunajua umbali wake kwa usahihi wa ajabu kwa sababu Apollo 11, mwaka 1969, waliacha kule kifaa cha vioo kinachorudisha mwanga wa leza, na ndiyo maana tunajua hata kwamba unajitenga nasi sentimita 3.8 kila mwaka. Ibuti la Jauza liko mamia ya miaka ya mwanga (mwaka wa mwanga ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), na umbali wake umekuwa ukisahihishwa mara kwa mara. Umbali ukibadilika, kipenyo kinabadilika nao. Ndiyo maana utasoma mahali ni mara 700 ya Jua, kwingine ni mara 900. Hakuna anayedanganya, kila mmoja ametumia kamba yake.

Kwa UY Scuti ni hivyohivyo. Mwaka 2013 kilichapishwa kipimo cha mara 1,708 za nusu kipenyo cha Jua, nacho chenyewe kilikuwa na wasiwasi wa 192 juu au chini. Watu wa video wakaichukua 1,708 wakaitupa ile 192. Umbali ulipopimwa upya kwa chombo cha Gaia, nyota ikashuka sana. Stephenson 2-18 imepewa mara 2,150, lakini wanajimu wanaitilia shaka namba hiyo, kwa sababu inapita kiwango ambacho nadharia inaruhusu nyota kuvimba. Nikiulizwa na mtoto, simtajii bingwa. Namwambia kuna kundi la majitu mekundu yanayokaribia au kuzidi kidogo mara 1,000 ya Jua, na hatujui nani wa kwanza.

Na kuna tatizo jingine, majitu hayo hayana ngozi. Jua ukingo wake unaonekana kama umekatwa kwa mkasi, lakini Ibuti la Jauza limevimba mpaka likawa kama moshi. Chukua mizani ya mzee: masi yake ni kama Jua 15 au 20 tu, imetandazwa ndani ya ndoo iliyo kubwa mara mamia ya mamilioni kuliko ya Jua. Hesabu inakuja hivi: kwa wastani ni jembamba maelfu ya mara kuliko hewa tunayovuta. Ukingo wa kitu kama hicho uko wapi? Inategemea unatazama kwa mwanga wa rangi gani. Lingewekwa mahali pa Jua lingeifunika Dunia na Mirihi pia, lakini ndani yake kwa sehemu kubwa kungekuwa karibu kutupu.

Mimi upande unaonivuta zaidi ni ule wa wadogo, na video zote zinaupita. Shira, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, ina mwenzake anayeitwa Shira B. Kwa kamba ni mdogo kidogo kuliko Dunia. Kwa mizani ni karibu sawa na Jua zima. Ni kibete cheupe, kiini kilichobaki cha nyota iliyokwisha kuvimba na kumwaga tabaka zake. Nyota ya neutroni ni kali zaidi: masi inayozidi Jua, kipenyo cha kama kilomita 20 tu. Tena mwaka 2017 ilitangazwa nyota yenye jina refu, EBLM J0555-57Ab, ambayo upana wake unakaribiana na wa Zohali. Ni nyota kamili, inaunguza hidrojeni, masi yake ni mara 85 za Mshtarii. Hapo mapacha wako watabishana tena, maana hiyo nyota ni ndogo kuliko Mshtarii kwa kamba!

Ni kwamba ukiiongezea Mshtarii mzigo, haipanuki kama unavyotarajia. Uzito unaivuta ndani, inashindiliwa. Vibete vya kahawia, yaani magimba mazito kuliko sayari lakini yasiyofikia kuwa nyota kamili, vina masi ya mara 13 hadi 80 hivi za Mshtarii, upana wao ni uleule takriban. Ukubwa wa nyota hutokana na vita kati ya uzito unaovuta ndani na joto linalosukuma nje, na matokeo yake hubadilika kwa umri. Jua letu leo ni Dunia 109 kwa kamba. Baada ya miaka kama bilioni 5 litavimba liwe jitu jekundu, liimeze Utaridi na Zuhura, kisha libaki kibete cheupe chenye ukubwa wa kama Dunia. Jua lilelile. Kwa hiyo mtu akikuuliza nyota fulani ina ukubwa gani, una haki ya kumuuliza: ikiwa na umri gani?

MpimaMstaafu

NyotaSaba, umenifurahisha. Hiyo 192 iliyotupwa nimeiona sana ofisini: ramani inatoka, ukingo wa makosa umefutwa ili ionekane safi.

MamaPacha, ongeza haya mawili kwenye kipimo chetu. Ibuti la Jauza linakuwa tufe lenye upana wa karibu kilomita 1, tazama tu upande mmoja wa barabara mpaka mtu anakoonekana kama kidole, ujue lote hilo ni nyota moja. Na jirani wa karibu wa Jua, Proxima Centauri, ni mpira wa sentimita 21. Umuweke wapi? Kama kilomita 40,200. Mzingo wa Dunia halisi kwenye ikweta ni kilomita 40,075. Ukiondoka kwenye karatasi yako ya njano na kuizunguka Dunia nzima, unafika kwa Proxima ukiwa umeupita mlango wako kwa kilomita 100 hivi.

Mkiwa mnatembea, jaribuni na hili. Mwanga kwa kipimo hicho unakwenda sentimita 30 kwa sekunde, kidogo kuliko hatua ya mtoto. Mmoja ashike saa, mwingine apige hatua moja ndogo kila sekunde kutoka kwenye Jua hadi Dunia. Itamchukua dakika 8 na sekunde 20, sawa na mwanga halisi.

Na mkifika kwenye mita 150, geukeni mtazame karatasi. Inaonekana na upana uleule wa Jua la kweli angani. (Jua la kweli msilitazame kwa macho matupu hata sekunde moja.) Chukua ule ushanga wa milimita 3.5, ubandike kwenye ncha ya waya mwembamba, uushike sentimita 38 kutoka kwenye jicho, mbele ya karatasi ya njano. Weka kijikaratasi chenye tundu la sindano karibu kabisa na jicho. Bila hicho ushanga utaonekana kama ukungu, kwa kuwa mboni ya jicho ni pana karibu sawa na huo Mwezi wenu.

MamaPacha

Wapendwa, tumefanya. Naandika upesi kabla sijasahau.

Jua lilinichukua jioni mbili, karatasi 12 na gundi nyingi. Uwanja ulikuwa na mita 150 pungufu kidogo, tukamalizia kwenye njia. Aliyekuwa mwanga ni yule mchangamfu, naye kwa dakika 8 na sekunde 20 hakusema neno, jambo ambalo sijaliona tangu azaliwe. Alipofika alikuwa amechoka kwa polepole yenyewe. Akasema, "Mwanga ni mvumilivu, mama."

Yule wa maswali ya usiku ndiye aliyeshika Mwezi. Mara ya kwanza hakuona kitu, mkono unatetemeka. Tukakaa chini, nikamshikia kiwiko, akaweka kijikaratasi jichoni. Akanyamaza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Umeliingia katikati. Lakini kuna pete ya njano pembeni." Nikaogopa tumekosea kipimo. Nilipochungulia mwenyewe nikaiona pia, pete nyembamba sana. Akausogeza ushanga karibu na jicho, kidogo tu, kaka yake akiwa ameshika rula: ilipofika sentimita 36 pete ikatoweka, na Jua langu lote la jioni mbili likawa limezibwa na ushanga.

Mzee, kumbe pete ile ni ya kweli? Ndiyo kule kupatwa kwa Jua kwa pete?

MpimaMstaafu

Ndiyo, mwanangu. Mwezi hauzungukii katika duara kamili. Ukiwa mbali, kwenye 38 na zaidi, hautoshi kuliziba Jua na pete inabaki. Ukikaribia, kwenye 36 na ushei, unaliziba lote na mchana unakuwa giza. Mwanao amekuta tofauti hiyo kwa waya na ushanga. Mwambie nimeiandika kwenye daftari langu, na tarehe.

MamaPacha

Nimemsomea. Ameomba nikuulize ulitumia kalamu ya rangi gani. Kesho tunaipeleka Mshtarii mahali pake, mita 778, wameshachagua mpira. Ganimedi anaibeba yule yule mdai haki, milimita 5.3, ameifunga kwenye kitambaa isipotee.